Insha ya Mpiga Ishara

Watu wazima wanne wa darasa la jioni walishuhudia moto mmoja sokoni. Wote waliona moshi mweusi ukipanda angani kama joka lenye hasira, wote wakamwona mama mmoja akilia kando ya kibanda chake, na wote wakajifunza siku hiyo kwamba umoja ni nguvu. Mwalimu wao, binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, aliziweka zile insha nne mezani moja kando ya nyingine, kisha akawauliza huo moto uliunguza soko gani. Hakuna aliyejua. Mmoja wa wale wanne alikuwa mume wangu.

Mume wangu hajawahi kuona soko likiungua. Sokoni kwenyewe haendi, naenda mimi.

Mwalimu hakuwafokea. Aliwaambia kwamba akili mnemba ya kwenye simu si haramu darasani kwake, mtu anaweza kuitumia kujifunza, ila yeye hasahihishi kazi za simu, anasahihisha kazi za watu. Kila mmoja arudi Jumatatu na insha ya tukio lisilosahaulika, tukio lake mwenyewe, aliloliona kwa macho yake. Asiyerudi nayo, jina lake halitapelekwa kwenye mtihani wa kidato cha nne, na mwaka huu mtihani atausikia kwa majirani.

Haya yote nilisimuliwa na mke wa mwanafunzi mwenzake aliyekuja kusukwa. Mume wangu mwenyewe alipofika nyumbani alisema maneno mawili tu, "Insha mbovu," kisha akaomba maji kwa kulinyooshea jagi kidole.

Ndivyo alivyo. Kazini wanamwita Bendera, kwa kuwa kwenye ujenzi wa majengo marefu yeye ndiye mpiga ishara. Anasimama chini na bendera yake ndogo, na dereva wa kreni, aliyekaa juu kabisa kwenye kibanda cha vioo, anafuata mikono yake na si kitu kingine. Siku hizi wana hata redio za mkononi, lakini maneno ni yale yale. Inua. Taratibu. Kushoto. Simama. Shusha. Huko hakuna "kwa sababu". Ukianza kumweleza dereva sababu, mzigo umeshagonga ukuta. Kazi hiyo aliianza kabla hatujaoana, nayo lugha yake imemwingia mwilini mpaka akaileta nyumbani. "Mlango." "Chai." "Zima." Wanasema kunyamaza ni dhahabu, basi sisi tungekuwa matajiri wa mtaa mzima.

Mimi nazungumza. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho saluni yangu: viti viwili, kioo kimoja kirefu, sinki la kuoshea nywele, na mashine ya kukaushia ambayo ikiwaka inanguruma mpaka machanuo yanacheza rafuni. Mtaani naitwa Mama Saluni. Mteja akikaa kwangu, hanyanyuki kabla sijajua mumewe amemkosea nini na mkwewe amesema nini, naye anaondoka na yangu yote, isipokuwa moja.

Hilo moja nitalisema hapa. Nilipokuwa na mimba ya binti yetu, siku moja nilimpelekea mume wangu chakula kazini. Hakuniomba, niliona tu kwamba asubuhi ile ametoka bila kula. Nilitoka saluni moja kwa moja, wakati huo nikiwa nimeajiriwa kwenye saluni ya mtu, nikiwa na aproni yenye madoa ya rangi za nywele na ndala miguuni. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa timtim. Mganga hajigangi, na msusi hajisuki. Nikaingia kwa geti la pembeni, macho chini nisije nikajikwaa kwenye mawe, nikasikia sauti ya mume wangu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Toka! Toka hapa! Usije tena kazini kwangu!" Wanaume wote wakanyamaza kunitazama. Msimamizi akanishika mkono akanitoa nje kama mwizi wa saruji.

Jioni alirudi, akala, akalala. Kesho yake akarudia kwa upole, akiwa anafunga kamba za buti: "Usije tena kazini." Nikasema sawa. Sikuuliza chochote, maana jibu nilikuwa nalo. Aliniona na madoa yangu na ndala zangu mbele ya wenzake, akaona haya.

Imepita zaidi ya miaka ishirini. Akijenga upande wa kulia wa barabara, mimi napita kushoto. Siwezi kusema hakuna upendo. Hajawahi kuniinulia mkono, hajawahi kulala nje, na kila asubuhi kabla hajatoka ananijazia maji mapipa ya saluni bila kuambiwa. Lakini kinyongo hakihitaji kulishwa sana. Unakisahau wiki nzima, halafu unafua aproni na kukikuta.

Sasa akawa anasoma. Magoti yake hayataki tena kusimama kutwa, na kampuni ilisema mpiga ishara mzoefu akipata cheti cha kidato cha nne anaweza kuwa mkufunzi wa vijana, akae ofisini, avae shati jeupe. Kwa mdomo nilimfurahia. Moyoni nilijiuliza swali ambalo lilininyima raha: ikiwa alinionea haya yeye mwenyewe akiwa na buti za matope, akishavaa shati jeupe mimi nitakuwa nani kwake? Kila jioni niliyomkumbusha muda wa darasa, nilijiona kama namfungia mizigo mtu anayenihama. Na bado nilimkumbusha, kwa sababu nampenda, na kwa sababu sipendi kuona mtu anashindwa kitu anachokitaka.

Jumapili mchana nafunga saluni, na mara nyingi ndio wakati wa kumnyoa. Jumapili ile alikaa kwenye kiti cha wateja, nikamfunga kitambaa shingoni, akaiweka simu rafuni kati ya mafuta na machanuo. Vidole vyake ni vinene, akiandika kwenye simu yanatokea maneno ambayo hata yeye hayajui, kwa hiyo huongea nayo kwa sauti, nayo humjibu kwa sauti. Mimi huyo aliyemo ndani namwita Bwana wa Simu.

"Insha," mume wangu akaiambia. "Tukio lisilosahaulika. Ukurasa mmoja na nusu."

"Bila shaka," ikajibu, kwa adabu zote. "Hii hapa insha yako. Ilikuwa siku ya mvua kubwa. Mto ulifurika, na maji yakaingia majumbani kama jeshi..."

Mama mmoja akawa analia juu ya paa. Nikazima mashine ya kunyolea ili nicheke vizuri.

"Umetoka motoni umeingia majini," nikamwambia. "Kesho mwalimu atakuuliza ni mto gani."

"Simu mbovu."

"Simu haina kosa. Umeiambia nini? Unajua wale wateja wangu wanaokaa hapo ulipokaa, wakaniambia 'nisuke vizuri', halafu wakafumba macho?"

Akanitazama kwenye kioo. Anawajua. Kilio chao hukisikia mpaka chumba cha nyuma.

"Namsuka vizuri ninavyojua mimi," nikaendelea. "Akifumbua macho analia. Vizuri ya nani? Anakwenda harusini au msibani? Nywele zake zinakatika? Mara ya mwisho alisukwaje, na nini hakikumpendeza? Hakusema. Na wewe umekaa hapo umemwambia Bwana wa Simu 'nisuke vizuri'. Amekusuka."

"Dereva wa kreni hahitaji kujua nyumba ni ya nani," akasema. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba, nikajua jambo hili amelifikiria.

"Dereva wa kreni anakuona wewe. Huyu hakuoni."

Hilo lilimwingia. Akaitazama ile simu kwa muda, akaigeuza kidogo ikamwelekea, kana kwamba ingesaidia.

Aliyemwekea programu ile ni binti yetu, anayesomea ualimu mbali na nyumbani. Alikuwa amemtumia baba yake ujumbe wa sauti wa kumfundisha jinsi ya kuitumia, nami nikasema tuusikilize tena, maana mara ya kwanza aliusikiliza huku anatafuta soksi.

"Shikamoo baba," ikatoka sauti ya mtoto. "Baba, usiiamuru. Iambie wewe ni nani, unasoma nini, na swali ulilopewa isomee kama lilivyo. Iambie unajua nini tayari na umekwama wapi. Halafu baba, usiiambie ikuandikie, utaingia kwenye mtihani peke yako, haitakuwepo. Iambie ikuulize maswali, wewe ujibu. Na ikikwambia jambo la kitabuni, hakikisha kwenye kitabu, maana ikikosea haioni haya. Msalimie mama."

"Huyu amechukua mdomo wangu," nikasema. "Namshukuru Mungu."

Mume wangu akakohoa. "Nianze na salamu?"

"Mkubwa nani, wewe au yeye?"

"Mimi."

"Basi subiri akuamkie."

Akatabasamu. Tabasamu lake ni la upande mmoja, ukipepesa macho umelikosa. Kisha akaisogelea simu. "Mimi ni mpiga ishara wa kreni. Nasoma kidato cha nne, darasa la jioni. Insha. Tukio lisilosahaulika."

Bwana wa Simu hakusita. Akaanza kusimulia habari za siku yenye jua kali, kamba ya kreni ikakatika ghafla, na mpiga ishara shujaa, bila kujali uhai wake, akaruka na kumsukuma mwenzake pembeni.

"Mwongo," mume wangu akasema, na safari hii alikasirika kweli. "Kamba ikikatika hakuna anayeruka. Unasikia mlio, umeshakwisha."

"Ulimwambia asikuandikie?"

"Sikumwambia."

"Sasa atajuaje?"

Nilidhani atanyanyuka aende zake na kichwa chake kisichonyolewa. Hakunyanyuka. Alivuta pumzi ndefu, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, ndani ya kitambaa, akaanza taratibu.

"Sikiliza. Usiniandikie insha, mwalimu anataka yangu. Nitakuambia nilipokwama. Mimi kazi yangu ni kutoa ishara, maneno mafupi. Kazi yenyewe ni kuutazama mzigo. Ukiwa juu, macho hayatoki kwake, hata mvua inyeshe, hata mtu akuite jina lako. Kwa hiyo nikisimulia jambo linaisha kwa mistari mitatu. Mwalimu anataka ukurasa mmoja na nusu, na anataka msomaji aone nilichoona. Mistari mitatu ninayo. Ukurasa sina. Niulize swali moja, nikujibu, ndipo uulize jingine. Nikijibu kwa mkato, niulize tena. Maneno yawe yangu."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. Siku ya posa yetu alisemewa na mjomba wake. Nilimjivunia, nikampangusa vinyweleo sikioni ingawa havikuwepo.

"Nimekuelewa," simu ikasema. "Swali la kwanza. Katika miaka yako yote kazini, ni siku gani ambayo hukujia akilini bila wewe kuiita?"

Nikawasha mashine, nikaanza upande wa kulia, kutoka kisogoni kuja juu. Sikumsukuma. Nimejifunza kwa wateja kwamba mtu ambaye kichwa chake kimeshikwa na mwingine huongea na kioo, haongei na wewe, na ukimkatiza tu anakumbuka kwamba upo. Nikamaliza upande wa kulia wote. Nikadhani amelala.

"Siku ya nondo," akasema.

"Ilikuwaje siku hiyo?"

"Nondo zilikuwa juu, fungu zima. Mtu akaingia kwa geti la pembeni. Zikafika juu ya kichwa chake. Nikasimamisha. Nikamfukuza. Basi."

Mkono wangu ulikuwa umeinuka kwenda upande wa kushoto. Nikajiambia magari ya mchanga nayo hupita geti la pembeni, na wauza maji, na watu wengine wengi tu.

"Nani aliyeingia?" simu ikauliza.

"Mke wangu."

Mashine ikawa inanguruma hewani, mkononi mwangu, hainyoi kitu. Kwenye kioo nilimwona anaitazama simu, si mimi. Nilijaribu kuikumbuka siku ile upya. Mawe nilikuwa nayakumbuka, na ndala, na sauti yake. Juu sikutazama. Nilikuwa nimeinamisha kichwa muda wote, kuingia na kutoka.

"Nondo zilikuwa umbali gani kutoka kichwani kwake?"

"Mtu mrefu angenyoosha mkono akazigusa." Akakirekebisha kitambaa shingoni. "Alikuwa na mimba," akaongeza, bila kuulizwa.

Nikazima mashine, nikakaa kwenye kiti cha pili, kile cha wanaosubiri rangi ikauke. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa na mwingine una nywele, mtu angeingia wakati ule angecheka mpaka ashike ukuta. Sisi hatukucheka.

"Pole sana," simu ikasema, na kwa kweli ilionekana kama inasubiri kidogo kabla ya kuendelea. "Kuna jambo ambalo msomaji wako hatalielewa. Umesema kazi ya mpiga ishara ni kuutazama mzigo, na macho hayatoki kwake. Nondo zilipokuwa zinalifikia geti, wewe ulikuwa unatazama nini?"

Hapo nilidhani ataizima. Aliinua mkono, ukafika karibu na simu, akaurudisha chini ya kitambaa.

"Yeye," akasema mwishowe. "Nilikuwa namtazama yeye."

"Kwa nini?"

Neno hilo, katika nyumba yetu, lilisikika kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Mimi sikuwahi kumwuliza. Nilimwuliza maelfu ya mambo, yuko wapi, atarudi lini, atakula nini, lakini hilo nililipita kushoto kama nilivyopita kushoto kwa majengo yake.

Mume wangu alisugua magoti. "Alikuwa amevaa aproni," akaanza, kwa ile sauti yake ya kuhesabu vitu. "Ina rangi rangi. Nyekundu, nyeusi, nyingine sijui inaitwaje. Ana tumbo. Amebeba chakula kimefungwa kwenye kitambaa, amekishika kwa mikono miwili, na anaangalia chini, anachagua pa kukanyaga. Hajui kama kuna mtu anamwona. Mtu akijua anatazamwa anajipanga. Yeye hakujipanga. Nikaona, huyu amekuja kwangu mimi. Katika wanaume wote wale, mimi ndiye niliyejiwa. Nikawa namtazama." Akaacha kusugua magoti. "Dereva alikuwa analeta mzigo upande ule kama nilivyomwelekeza. Mimi ndiye niliyepaswa kumsimamisha. Sikumsimamisha. Nilikuwa nimesahau kama mkononi nina bendera. Kibarua mmoja akapiga ukelele, ndipo nikatanua mikono yote miwili. Zikasimama zinayumba juu yake. Naye bado anaangalia mawe."

Simu ikaanza kusema kitu kingine, nadhani ilitaka kuuliza aliisikia vipi sauti yake mwenyewe alipofoka. Nikanyoosha mkono nikaizima sauti. Swali lililofuata lilikuwa langu, na sikutaka kuulizwa kwa niaba.

"Ukanifukuza," nikasema.

"Nilikufukuza utoke chini ya mzigo."

"Na kesho yake? Ulikuwa unafunga kamba za buti, hapakuwa na mzigo. Ukaniambia nisije tena. Sikuja tena. Mimi miaka yote hii nimejua kwamba ulinionea haya. Kwa aproni ile. Kwa ndala. Kwa kichwa kile."

Akageuka. Hakunitazama kwenye kioo, alikizungusha kiti chote akanitazama mimi, na nusu ya kichwa chake isiyonyolewa, na kitambaa shingoni kama mtoto anayelishwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa.

"Haya?" akasema. "Haya ya nini?"

"Basi ilikuwa nini?"

"Ningekuambiaje? Kwamba nusura nikuue, wewe na mtoto, kwa kukutazama?"

"Ungeniambia hivyo hivyo. Mimi ni mkeo, si dereva wa kreni. Ukinipa amri bila sababu, sababu naitafuta mwenyewe, na mwenyewe siku zote nitaipata mbaya. Kwa nini nisije tena?"

Alifikiria. Naapa alifikiria kama anayefanya mtihani, midomo ikitembea kidogo.

"Kwa sababu ungekuja tena," akasema, "ningekutazama tena."

Insha ile aliiandika kwa mkono wake jioni hiyo hiyo, juu ya meza ya saluni, akikata na kuandika, akikata na kuandika. Alipomaliza akaisomea simu, akaiambia isibadilishe neno hata moja, imwonyeshe tu mahali ambapo msomaji atapotea. Ikamwonyesha mahali pawili. Pa kwanza akabishana nayo, pa pili akairekebisha insha. Mwalimu alimpunguzia alama nyingi za tahajia, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba ameisoma mara mbili, na jina lake likapelekwa kwenye mtihani. Mmoja wa wale wenzake watatu wa moto alileta insha ya ng'ombe aliyeingia kanisani, nasikia nayo ilikuwa ya kweli.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule nililia. Nililia kwa sauti, kwenye kiti cha wateja, mimi niliyewafuta machozi wanawake wa mtaa mzima kwenye kiti hicho hicho. Nilimlilia yule msichana mwenye mimba aliyerudi saluni kwa miguu huku anakung'uta aproni yake, akiamini kwamba hapendezi, wakati nyuma yake ameacha mwanamume aliyesahau kazi yake, jina lake na mzigo kwa ajili ya kumwona tu akitembea. Hakuna aliyemwambia. Angeambiwa siku ile, angetembea tofauti maisha yake yote.

"Usilie," mume wangu akasema.

Ile ile, amri, ya mkato. Nikamtazama. Akaona ninavyomtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akatafuta.

"Usilie," akaanza tena, pole pole, "kwa sababu na mimi nitalia, na mimi sijui kulia, sijafundishwa, nitakutia aibu."

Nikacheka huku machozi yanashuka. Nikanyanyuka, nikakizungusha kiti chake kikatazama kioo, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikabaki nimekishika hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha nikawasha mashine, nikamaliza upande wa kushoto.